Machozi ya Hine Hukatere: kabla hujampeleka bibi na watoto kutazama barafu

Mara ya kwanza tulipokwenda Franz Josef, kwenye mto wa barafu wa pwani ya magharibi ya Kisiwa cha Kusini, New Zealand, mwanangu mdogo alilia. Hakuwa na baridi wala hakuanguka. Nilikuwa nimemwahidi barafu, na tulipofika pale mahali pa kutazamia akaniuliza, "Iko wapi?" Nikamwonyesha: kule juu, mwisho wa bonde, kati ya mawe meusi na wingu, kile kipande cheupe chenye ubuluu kidogo. Akatazama kidole changu, akatazama bonde, akasema, "Ndiyo hiyo ndogo?" Kisha akaketi kwenye changarawe, akaanza.

Tulikuwa tumeendesha karibu saa sita kutoka Christchurch tunakoishi. Baba watoto hakusema neno, ila alinitupia jicho la mtu anayepiga hesabu ya petroli.

Mara ya pili ilikuwa Januari iliyofuata, na safari hii tulikuwa na mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Marangu. Mahali palepale, barafu ileile, tena imezidi kurudi nyuma. Hakuna mtoto aliyelia. Nililia mimi kidogo, na sababu yake nitaifikia.

Naandika haya kwa kuwa kila likizo ikikaribia napata ujumbe kutoka kwa Watanzania na Wakenya, wengine wako Australia, wengine hapahapa New Zealand: dada, ni kweli panafaa kwa familia? Panafaa sana. Ila wapeni watoto hadithi kabla hamjawapa barafu. Mimi nilifanya kinyume, nikaadhibiwa.

Kwanza mjue mnakwenda kuona nini, maana picha za mtandaoni zinadanganya. Nyingi ni za zamani, zile za watu wamepanga foleni juu ya barafu na vyuma chini ya buti. Hadi 2012 watu waliokwenda na kiongozi waliweza kutembea kwa miguu kutoka bondeni mpaka wakapanda juu ya barafu. Mwaka huo sehemu ya chini ikaporomoka vibaya, njia ikawa ya hatari, na tangu hapo anayetaka kukanyaga barafu hupelekwa kwa helikopta. Ukiwa na watoto wawili na bibi mwenye magoti, pamoja na mawingu yanayofuta safari za ndege kila mara, fikiria vizuri. Sisi hatukupanda, na sijutii.

Mto huu wa barafu una tabia zake. Juu kuna bakuli kubwa linalopokea theluji kwa wingi, kisha mteremko ni mkali, kwa hiyo barafu hushuka kwa kasi kuliko mito mingi ya aina yake. Kuanzia 1983 hadi 2008 kwa jumla ulikuwa ukisonga mbele, na kuna nyakati ulisonga kwa sentimita 70 kwa siku. Tangu 2008 unarudi nyuma kama mtu aliyeitwa nyumbani. Kwa miaka mingi ulishuka hadi kama mita 300 tu juu ya usawa wa bahari, katikati ya msitu wa mvua wenye miti ya ferni mirefu kuliko mtu. Mimi niliyezaliwa chini ya Kilimanjaro, ambako barafu unaifuata siku tano au sita za kupanda, na iko juu kabisa karibu na kilele cha mita 5,895, nilishindwa kuelewa: barafu inafanya nini huku chini na majani mabichi?

Kwa hiyo sasa mnachokipata ni mandhari kutoka mbali. Mtoto aliyeahidiwa kugusa ataona amedhulumiwa. Mtoto aliyeambiwa kwamba anakwenda kuona machozi ya mtu, huyo anakwenda akitafuta.

Jina lenyewe ndilo mwanzo wa hadithi. Kwenye ramani imeandikwa Franz Josef Glacier / Kā Roimata o Hine Hukatere, na hayo yote mawili ni jina moja rasmi. Jifunzeni kulitamka hilo la pili. Hapa sisi tunaozungumza Kiswahili tumependelewa. Irabu za Kimaori, lugha ya wenyeji wa asili wa nchi hii, ni tano na hutamkwa kama zetu, na silabi zao huishia kwenye irabu. Kimstari juu ya irabu kinakuambia uvute sauti, kama unavyovuta "kaa". Zile herufi "wh" kwa kawaida hutamkwa kama f, kwa hiyo kijiji cha Whataroa mtakachokipita njiani ni "Fataroa". Na ile "ng" ya mwanzo wa neno inayowatesa Wazungu ni ng' yetu ya ng'ombe, basi. Nina jirani, mzaliwa wa hukuhuku, ambaye kila akitaka kusema Ngāi Tahu huvuta pumzi kwanza. Mama yangu alilisema mara moja, tena huku anamenya chungwa.

Ngāi Tahu ndio iwi, yaani kabila, lenye sehemu kubwa ya Kisiwa cha Kusini, na wenyeji hasa wa upande huu wa pwani ni ukoo wa Kāti Māhaki ki Makaawhio. Lahaja ya kusini hugeuza ng kuwa k. Mlima, ambao kaskazini ni maunga, huku ni mauka. Ngāti imekuwa Kāti. Na ngā, neno linaloonyesha wingi, limekuwa kā. Roimata ni machozi. Kā Roimata o Hine Hukatere: machozi ya Hine Hukatere.

Safari ya pili nilianza kuisimulia tulipotoka tu Arthur's Pass, pale barabara inapovuka milima, watoto wakiwa wameshiba maandazi na simu zimekosa mtandao. "Hadithi, hadithi!" Nyuma wakaitika, na bibi yao akaitika kwa sauti kuliko wote: "Hadithi njoo!"

Palikuwa na msichana aliyependa milima kuliko kitu chochote. Jina lake Hine Hukatere. Alikuwa na mpenzi wake, Wawe, wengine humwita Tuawe, ambaye milima hakuizoea. Lakini msichana akambembeleza: twende wote. Wakapanda. Walipofika juu, theluji ikaporomoka, ikamzoa Wawe, ikamtupa chini, akafa. Hine Hukatere alilia sana, machozi yakatiririka mlimani mpaka bondeni. Miungu ikamwonea huruma, ikayagandisha machozi yake yawe ukumbusho. Ndiyo barafu tunayokwenda kuiona. Na kule alikolala Wawe, ng'ambo ya milima kidogo, kuna mto mwingine wa barafu ambao ramani inauita Fox Glacier / Te Moeka o Tuawe. Moeka ni malazi, kitanda. Kaskazini wangesema moenga.

Gari likawa kimya. Kisha binti yangu, ana miaka tisa, akauliza, "Kosa ni la nani?"

"Kosa la nini?"

"Wawe kufa. Yeye hakutaka kwenda."

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Mama yangu akanisaidia bila kugeuka. "Mwanamume akibembelezwa na mwanamke mzuri atapanda hata Mawenzi," akasema. Baba watoto akacheka mpaka nikamwambia atazame barabara.

Kisha mama naye akatoa ya kwetu, maana hadithi hulipwa kwa hadithi. Ile ya vilele viwili vya Kilimanjaro, Mawenzi kwenda kwa Kibo kila mara kuomba moto, kila siku ana kisingizio kwamba wa kwake umezimika, hadi Kibo akachoka akampiga na kitu kizito, na ndiyo maana Mawenzi hadi leo amechongoka-chongoka kama meno mabovu. Wanangu walizaliwa Christchurch. Kilimanjaro wameiona kwenye kalenda ya jikoni tu. Sijui kwa nini hadithi ile sikuwahi kuwasimulia mimi mwenyewe.

Maneno machache kuhusu barabara, kwa sababu ndiyo itakayowachosha. Tunaendesha kushoto kama nyumbani, hilo halina shida. Shida ni madaraja ya njia moja, na pwani ya magharibi yako mengi. Kabla ya daraja kuna bango: ukiona la buluu lenye mshale mkubwa mweupe unaoelekea mbele, wewe ndiye wa kupita kwanza, ukiona la duara lenye ukingo mwekundu na mshale wako ndio mdogo mwekundu, simama, mpishe anayekuja. Hakuna kupimana ubavu kama kwenye daladala. Jazeni mafuta mji wa Hokitika, na chakula nunueni hukohuko, kwani ukishavuka hapo maduka ya vijiji vidogo hufungwa mapema na bei hupanda. Sisi tulibeba makande kwenye hotpoti. Yalitufaa.

Halafu kea. Huyu ni kasuku wa milimani, mkubwa, kijani, chini ya mabawa ana rangi ya chungwa, na akili yake ni ya kondakta. Tulisimama kupumzika Arthur's Pass, wakaja wawili, mmoja akatua juu ya gari akaanza kung'oa mpira wa mlango. Mama akachukua mwamvuli. Nikamzuia: "Mama, huyo analindwa na sheria." Akaniuliza, "Na mpira wa gari wenyewe unalindwa na nani?" Ukweli ni kwamba dawa ni kutowapa chakula kabisa na kutoacha vitu nje. Mtu mmoja akiwapa chipsi, magari kumi yanayofuata ndiyo yanayolipa.

Mvua ni habari nyingine. Pale kijijini hunyesha kama mita tano kwa mwaka. Pepo za kutoka Bahari ya Tasman hugonga milima, zikapanda, zikamwaga kila kitu. Mvua hiyo ndiyo inayolisha barafu, kwa hiyo ukiilaumu unalaumu mama wa kile ulichokuja kukiona. Lakini panga siku mbili, si moja. Safari ya kwanza tulipanga siku moja, tukanyeshewa nusu yake, na nyumba tuliyolala tuligundua usiku kwamba haina kikaushia nguo. Asubuhi nilimvalisha mtoto soksi mbichi. Nadhani hata soksi zilichangia kile kilio. Mara ya pili tuliamka saa kumi na mbili, mbingu safi, na kufikia saa sita mchana mawingu yalikuwa yameshuka tena. Asubuhi ndiyo yenu. Na kabla hamjatoka, piteni kituo cha wageni cha Hifadhi ya Taifa ya Westland Tai Poutini pale kijijini, au tazameni tovuti ya Idara ya Uhifadhi, maana njia hufungwa bila hiyana. Machi 2019 mafuriko yalisomba daraja zima la barabara kuu juu ya mto Waiho. Mwaka huohuo barabara ya kuingia bonde la Fox iliharibiwa na maporomoko, na haikufunguliwa tena. Siku hizi barafu ya Fox unaitazama kutoka njia ya upande wa kusini.

Usubi watawakaribisha. Kimaori wanaitwa namu. Vaa mikono mirefu, paka dawa, na usisimame sana mahali pamoja karibu na maji.

Sasa pale penyewe. Hakuna kiingilio. Unaacha gari kwenye maegesho, unaingia msituni kwa njia ya changarawe, na mama yangu aliye na miaka sabini na moja aliitembea bila fimbo, polepole, akisimama kugusa kila kitu. Kwa mwendo wake, kwenda na kurudi na kukaa, tulitumia kama saa moja na nusu. Mnaotaka kupanda kidogo, kuna kilima cha mwamba kiitwacho Sentinel Rock, ambacho zamani kilikuwa kimefunikwa na barafu. Ni kama dakika ishirini, ila kina mwinuko, na mama alikitazama akasema kinamtosha kwa macho.

Ukifika, upepo wa bonde unakupiga usoni, baridi ya jokofu lililofunguliwa, hata jua likiwa kali. Chini mto unapita na rangi ya maji uliyooshea ndoo ya saruji: ni vumbi la mawe yaliyosagwa na barafu. Kando maporomoko membamba ya maji yananing'inia kwenye kuta za mawe. Na kule mwisho, juu, barafu.

Mdogo aliiona kabla yangu. "Yale pale! Machozi yale pale!" Ni mtoto yuleyule, na kile kipande kilikuwa kidogo kuliko mwaka uliotangulia.

Waonyesheni watoto kuta za bonde, msiishie kwenye barafu tu. Utaona kama mstari umechorwa: juu yake miti mikubwa ya zamani, chini yake vichaka na jiwe tupu. Hadi pale ndipo barafu ilipokuwa imejaza. Binti yangu alipouelewa mstari ule alinyoosha mikono kupima, akageuka kutazama maegesho tulikotoka, akasema, "Kwa hiyo hapa tuliposimama tungekuwa ndani." Ndiyo, tungekuwa ndani.

Msivuke kamba wala uzio. Nalisema kwa ukali kwa sababu siku ileile tuliona baba mmoja ameruka na mtoto mabegani ili apate picha. Januari 2009, kule Fox, ndugu wawili vijana waliokuwa matembezini na wazazi wao walivuka uzio, barafu ikawaporomokea, wakafa. Barafu haitoi taarifa. Mto nao hupanda ghafla hata pasipo na mvua mahali uliposimama. Uzio ule haukuwekwa na mtu mwenye wivu na picha zako.

Na mawe. Mwanangu mdogo alijaza mifuko mawe mazuri ya kijivu yenye kumeta. Nikamrudisha akayaweka moja moja. Hii ni hifadhi ya taifa, hairuhusiwi kuchukua. Tena kuna jiwe la kijani, pounamu, ambalo kwa Ngāi Tahu ni hazina, na tangu 1997 sheria imelirudisha mikononi mwao. Ukilitaka, nenda Hokitika ukanunue kwa mchongaji. Wengi huku huamini kwamba pounamu hupewa, haujinunulii mwenyewe. Nikaona ni adabu nzuri, nikampa binti yangu pesa akamnunulia bibi yake kipande kidogo kama kucha. Mama amekifunga kwenye pindo la kanga pamoja na hela.

Pale kwenye uzio mama alikuwa amesimama muda mrefu. Alikuwa amevaa koti langu la mvua, juu yake amejitanda kitenge, kichwani kofia ya sufu ya mjukuu. Nikamweleza habari ya jina la kwanza. Kwamba 1865 mtaalamu wa mawe, Mjerumani Julius von Haast, alipita hapa akaipa barafu jina la Kaizari wa Austria, Franz Joseph, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga nchi hii.

"Kama Kaizari wetu," akasema mama.

Kweli. Oktoba 1889 Mjerumani mwingine, Hans Meyer, alifika kilele cha Kibo, akakiita kwa jina la Kaizari Wilhelm, ambaye naye hakuwahi kuiona Marangu. Tulipopata uhuru tukakiita Uhuru. Huku hawakufuta. Sheria ya 1998 ya kumaliza madai ya Ngāi Tahu iliyarudisha majina ya Kimaori na kuyaweka sambamba na ya Kizungu, kwa hiyo mlima mrefu kuliko yote nchini, mita 3,724, sasa ni Aoraki / Mount Cook, na Aoraki ndilo linalotangulia. Nyumbani kwetu bado tunabishana lipi ni bora. Baba watoto anasema jina la Kaizari lifutwe tu. Mimi nilikuwa upande wake, mpaka nikakumbuka kwamba kule kwetu kilele tulikibadilisha, lakini barafu zenyewe hadi leo ni Rebmann, Kersten, Heim, Furtwängler. Wapagazi wa Moshi huyataja majina hayo kama ya shemeji zao. Mababu zetu walikuwa wanaitazama barafu ile kila asubuhi, na majina waliyoipa, kama yalikuwepo, mimi sikufundishwa hata moja.

"Na hii nayo inakwenda," mama akasema. Hakuwa ananiuliza. Kibo amekaa nayo dirishani tangu azaliwe. Tangu 1912 imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, na sehemu ya hasara hiyo ameishuhudia kwa macho bila kusoma popote.

Hapo binti yangu akaamua kusema pepeha yake. Kwa wasiojua: Wamaori wanapojitambulisha hawaanzi na jina. Huanza na mlima wao, kisha mto, kisha mtumbwi uliowaleta, kisha watu wao, na jina huja mwisho. Shuleni watoto wengi hufundishwa kutengeneza ya kwao, hata wageni. Akasimama wima, mikono mapajani, akaielekea barafu: "Ko Kilimanjaro te mauka..." Akaendelea mpaka mwisho, akajitaja, akanyamaza.

Mama akanigeukia. "Amesema Kilimanjaro?"

"Anasema mlima wake ni Kilimanjaro."

"Nani kamwambia?"

"Wamemwambia shuleni aseme mlima wa kwao."

Mama hakujibu. Alimvuta mtoto karibu, akamfunga vizuri vifungo vya koti ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa. Mimi nikajifanya natafuta miwani.

Kama mna siku ya pili, nendeni ziwa Matheson, mwendo mfupi kutoka kijiji cha Fox. Amkeni gizani. Maji yake ni meusi kama chai ya rangi kwa sababu ya majani ya msituni, na asubuhi kusipokuwa na upepo Aoraki na jirani yake Horokoau, ambao Wazungu huuita Tasman, hulala ndani yake kichwa chini. Wamaori waliliita Te Ara Kairaumati na walikuja kuvua mikunga. Kulizunguka lote ni kama saa moja na nusu. Picha mtapiga wenyewe.

Lakini msiondoke Franz Josef bila kuingia kanisa dogo la Kianglikana la St James. Liko karibu na mto, la mbao, lilifunguliwa 1931. Nyuma ya altare hawakuweka vioo vya rangi. Waliweka dirisha kubwa la kawaida, ili waumini wakiwa wamekaa waione barafu. Ilipendeza hata ikachapwa kwenye stempu ya 1946. Kufikia 1954 barafu ilikuwa imerudi nyuma kiasi kwamba dirishani haionekani tena.

Mama aliketi benchi la pili. Dirishani palikuwa na miti, ukungu, na miti mingine. Watoto walikuwa nje wanapigana na usubi. Nikadhani anasali, kumbe anapekua mkoba. Akatoa simu, akanipa nimtafutie mtandao. Ilikuwa saa kumi na moja jioni. Marangu ni saa moja asubuhi. Kaka yake akapokea, na sauti ya jogoo ikaingia kanisani pamoja na yake. Wakasalimiana kwa Kichaga, wakaulizana habari za ng'ombe na za kahawa. Kisha mama, macho bado yako kwenye dirisha la altare, akabadilisha kwa Kiswahili ili na mimi nisikie:

"Hebu toka nje uniangalizie. Kibo imefunguka?"

Tukasikia mlango, hatua, jogoo tena.

"Imejifunika," mjomba akasema. "Tangu juzi."

"Subiri hapohapo nje," mama akamwambia. "Mimi sina haraka."